Kitabu cha Binti Aliyeondoka: Kina Mama wa Baba Dogo Wamesemaje?



Wiki hii tumeazimia kulizungumza jambo ambalo wakubwa hulizungumza kwa kunong'ona, na ambalo mabinti wetu hulizungumza wao kwa wao tukiwa hatupo. Ni habari ya kitabu cha maisha kilichoandikwa na mwanamke aliyezaliwa katika Uislamu, akasomea hapa hapa Nairobi, akahamia Ulaya, kisha akatangaza mbele ya ulimwengu kwamba ameiacha dini ya wazazi wake. Mwandishi huyo ni Ayaan Hirsi Ali, na kitabu chake kilitoka kwa Kiholanzi mwaka 2006, kikafuatia kwa Kiingereza mwaka 2007 kwa jina la Infidel, yaani Kafiri.

Ni miaka mingi sasa tangu kitabu hicho kitoke, na huenda msomaji akauliza kwa nini tukizue leo. Jawabu ni kwamba kitabu hakizeeki kama gazeti. Kinauzwa mitumba kando ya barabara, kinaazimwa shuleni, kinasomwa kwenye simu usiku taa zikiwa zimezimwa. Kina mama wa mtaa wa Baba Dogo, upande wa Eastlands jijini Nairobi, wametuandikia kwamba kimeingia majumbani mwao. Wao wenyewe wamekijadili hata sauti zikapanda. Wakatuomba tuyaandike waliyoyasema, kwa kuwa wanaamini si wao peke yao waliofikwa na jambo hili.

Tumekubali. Hatuandiki ili kumtukana mwanamke huyo, wala hatuandiki ili kumpigia debe. Tunaandika kwa ajili ya mama na baba wenye binti anayeuliza maswali.

Maisha yanayosimuliwa

Ayaan alizaliwa Mogadishu mwaka 1969. Baba yake, Hirsi Magan Isse, alikuwa mwanasiasa mashuhuri aliyempinga Siad Barre, akatiwa gerezani kwa ajili hiyo. Jamaa yake ilikimbilia Saudia, kisha Uhabeshi, na mwisho ikafika Kenya. Hapa Nairobi binti huyo alikulia, akasoma katika Shule ya Sekondari ya Muslim Girls. Anasimulia kwamba katika ujana wake alivaa hijabu pana kwa hiari yake, akashika sala na kusoma vitabu vya dini kwa bidii, na wakati huo huo akizisoma riwaya za mapenzi za Kiingereza zilizokuwa zikipita mkono kwa mkono baina ya wasichana.

Kurasa za utotoni ndizo zinazomkaa msomaji moyoni. Anasema kwamba alikeketwa akiwa mtoto wa miaka mitano, kwa amri ya bibi yake, baba akiwa hayupo, ilhali baba mwenyewe alikuwa akilipinga jambo hilo. Anasema vilevile kwamba hapa Nairobi mwalimu wa Kurani aliyekuwa akija nyumbani alimpiga hata akamvunja fuvu la kichwa. Anaeleza maisha ya mama aliyeachwa na mume katika mji wa ugenini, ambaye uchungu wake uliwaangukia watoto.

Mwaka 1992, kwa maelezo yake, baba alimwoza kwa mtu wa ukoo aliyekuwa akiishi Kanada. Alipofika Ujerumani akiwa safarini kumfuata mume, alipanda gari moshi akaingia Uholanzi na kuomba hifadhi. Huko alijifunza lugha, akafanya kazi ya ukalimani kwa wanawake wa Kisomali, akasoma elimu ya siasa katika Chuo Kikuu cha Leiden. Mdogo wake wa kike alimfuata Uholanzi, akaugua maradhi ya akili, akarudi Nairobi na kufariki mwaka 1998. Baada ya mashambulio ya Septemba 2001 nchini Marekani, imani ya Ayaan iliporomoka, na mwaka uliofuata akasema wazi kwamba haamini tena.

Mwaka 2003 aliingia katika Bunge la Uholanzi. Mwaka 2004 aliandika filamu fupi juu ya wanawake na Kurani, iliyoongozwa na Theo van Gogh. Tarehe 2 Novemba mwaka huo kijana mmoja aliyedai kuitetea dini alimwua Van Gogh katika barabara ya Amsterdam, na Ayaan akawa mtu wa kuishi chini ya ulinzi. Mwaka 2006 kulizuka mzozo juu ya uraia wake, kwa kuwa alipoomba hifadhi hakutaja jina lake la ukoo wala tarehe yake ya kweli ya kuzaliwa, jambo ambalo mwenyewe alikuwa amekwisha kulikiri. Mzozo huo uliiangusha serikali. Yeye akahamia Marekani. Mwezi wa Novemba 2023 aliandika kwamba sasa ni Mkristo.

Waliokisoma ulimwenguni

Kitabu hiki hakikupokewa kwa sauti moja. Katika nchi za Magharibi wengi walikipokea kama ushahidi. Jarida la TIME lilikuwa limekwisha kumweka mwandishi miongoni mwa watu 100 wenye athari kubwa duniani mwaka 2005, na mwandishi Christopher Hitchens, aliyekuwa mpinzani wa dini zote, aliandika utangulizi wa chapa moja ya kitabu.

Wengine walikataa, na si wote waliokataa ni mashekhe. Mwandishi wa riwaya Laila Lalami, mzaliwa wa Morocco, aliandika mwaka 2006 akiyakosoa maandishi ya Ayaan yaliyotangulia kitabu hiki. Hoja yake ilikuwa kwamba huwezi kuwakusanya wanawake wa nchi nyingi, wenye lugha, sheria na hali mbalimbali, ukawafanya mtu mmoja mwenye ugonjwa mmoja na dawa moja. Mwaka 2013 Lila Abu-Lughod, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyeishi miaka mingi na wanawake wa Misri, alitoa kitabu kizima kinachouliza kama wanawake wa Kiislamu wanahitaji kuokolewa. Alionyesha kwamba shida nyingi zinazobandikwa dini zimetokana na ufukara, vita na udhalimu wa watawala. Na mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Brandeis nchini Marekani, kilichokuwa kimetangaza kumtunuku Ayaan shahada ya heshima, kiliiondoa tunu hiyo baada ya wanafunzi na walimu kulalamikia maneno yake juu ya Uislamu.

Basi mabishano ya wasomi yamekuwa juu ya swali hili: je, kisa cha mwanamke mmoja ni kisa cha wote? Baba Dogo nako swali lilianzia hapo, lakini halikukomea hapo.

Yaliyosemwa Baba Dogo

Baba Dogo ni mtaa wa viwanda na nyumba za kupanga, jirani na Korogocho na Lucky Summer. Miongoni mwa Waislamu wake wako waliotoka Lamu, Malindi na Mombasa wakifuata kazi za bara, wako Wasomali, wako Wanubi, na wako waliosilimu wakubwa. Kina mama tuliozungumza nao hukutana Jumamosi kwa darasa la dini, na baada ya darasa huleta kahawa na mahamri. Hatutaji jina la yeyote, kama walivyotuomba.

Mwanzo wa mjadala wao ulikuwa mama mmoja aliyekikuta kitabu hicho chini ya godoro la binti yake wa kidato cha nne. Pembe za kurasa zilikuwa zimekunjwa, na mistari imepigwa kwa kalamu ya risasi. Mama huyo alituambia kwamba usiku ule hakulala. Aliwaza akichome. Akawaza amfungashe binti ampeleke kwa mjomba wake Mombasa. Akawaza akirudishe mahali pake ajifanye hakuona. Jumamosi ilipofika akakitoa mkobani mbele ya wenziwe na kuwauliza afanye lipi.

Bibi mmoja wa Lamu, mkubwa wao kwa umri, alisema kitabu hicho kisilale tena katika nyumba hiyo. Kwake yeye moyo wa kijana ni kama unga uliochekechwa: ukimwagikiwa na taka, kuzitoa ni kazi. Hakuona haja ya kumsikiliza mtu aliyeondoka akawa anawatupia mawe waliobaki.

Mwalimu wa shule ya msingi alimjibu kwa adabu kwamba kitabu kikichomwa leo, kesho binti atakisoma kwenye simu ya rafiki yake, na kutoka siku hiyo atajua kwamba mamake si mtu wa kuulizwa. Alikumbusha kwamba wanazuoni wetu wa kale walizisoma hoja za wanafalsafa ndipo wakazijibu. Hawakuzijibu kwa moto.

Akazungumza jirani yao wa Kisomali, na hapo baraza likanyamaa. Alisema kwamba kurasa za ukeketaji hazina chumvi ndani yake, kwani na yeye yalimfika hayo akiwa mdogo, na bibi yake pia aliamini anamtendea wema. Hakuna mtu atakayemwambia kwamba hadithi hiyo ni ya kutungwa. Kinachomwumiza ni kingine. Tangu kitabu hicho kienee, amekutana na watu wasio Waislamu wanaomtazama kwa huruma asiyoiomba, kana kwamba wamekwisha kuyasoma maisha yake yote kabla hajafumbua mdomo. Yeye huswali, amesomesha watoto watano kwa biashara ya nguo, na amekataa binti zake wasiguswe na wembe. Alisema kwamba mambo hayo matatu aliyafanya akiwa Mwislamu, na katika kitabu hicho hakumwona mwanamke wa namna yake.

Mwingine alikuwa amerejea kutoka Ghuba, alikofanya kazi ya nyumbani miaka miwili. Alinyanyaswa na mwajiri aliyekuwa haachi sala. Hata hivyo hakuilaumu sala, kwani aliona kwa macho yake kwamba mwovu huweza kusimama safu ya mbele. Lililomtia jeraha la pili ni aliporudi nyumbani na kuanza kusimulia. Watu wake mwenyewe walimtaka anyamaze, wakimwambia kwamba akiyasema hayo ataiaibisha dini. Alisema hivi: mtu akinyimwa mahali pa kulia kwao, siku moja atalia kwa jirani, na jirani atakisikia kilio chake kwa masikio ya kijirani.

Maneno haya ndiyo yaliyomfanya mama mwenye kitabu akate shauri. Alimwomba mwalimu amsaidie kukisoma, kwa kuwa Kiingereza chake si kingi. Wakakisoma jioni tatu. Kisha akamwita binti yake jikoni wakiwa wawili tu, akakiweka kitabu mezani, akamwuliza bila ya kufoka: ni kwa nini umepiga mistari hapa?

Alikuwa ametarajia mistari iko kwenye kurasa za kumkana Mwenyezi Mungu. Haikuwa huko. Binti alikuwa amepiga mistari kwenye ukurasa wa mwalimu na fimbo. Ndipo ikatoka habari iliyokuwa imefichwa miezi sita: mdogo wake wa kiume, mwenye miaka tisa, alikuwa akipigwa chuoni mpaka akijikojolea, na alikuwa ameapa kwamba hatamwambia mama, kwa kuwa aliambiwa mwenye kumshitaki ustadhi hapati baraka ya elimu. Binti hakuwa na nia ya kuiacha dini. Alikuwa anatafuta mtu aliyewahi kulisema jambo lile kwa sauti, na katika maktaba yote ya shule alimpata mmoja tu, naye ni yule aliyeondoka.

Kina mama wanane walikwenda pamoja kwa kamati ya madrasa. Bibi wa Lamu alitangulia mbele. Hakubadili rai yake juu ya kitabu hata kidogo, lakini alisema kwamba mtoto hakufundishwa Kurani ili aiogope. Wakati tunaandika, kamati imeondoa fimbo na imeahidi kuketi na wazazi kila mwezi. Mtoto amehamia darasa jingine. Kina mama wanangoja waone kama ahadi itasimama.

Hakuwa wa kwanza kuondoka

Sisi watu wa pwani tusijifanye kwamba jambo hili limetujia na ndege za Ulaya. Zaidi ya karne moja iliyopita tulikuwa na binti wetu wenyewe aliyeiacha dini, akahama, akaandika kitabu. Naye ni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Katika utoto wake alijifunza kuandika kwa siri, akizinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwani kuandika hakukuonekana kuwa kazi ya mtoto wa kike.

Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa meli ya Kiingereza akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Mwaka 1867 alibatizwa Aden, akaolewa, akaitwa Emily, akahamia Hamburg. Mumewe alikufa kwa ajali ya tramu mwaka 1870 akimwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani.

Sasa tazameni tofauti. Salme alikuwa ameritadi, na ndugu zake hawakumsamehe. Alipokwenda Unguja mwaka 1885, Sultani Barghash, nduguye, alikataa kuonana naye. Lakini katika kitabu chake aliwatetea wanawake wa kwao mbele ya Wazungu waliowadhania wajinga na watumwa wa waume zao. Alikiri pia kwamba aliondoka akiwa Mwislamu mwema, na kule alikofika hakuwa Mkristo wa kweli wala Mjerumani kamili. Alifariki Jena mwaka 1924, na husimuliwa kwamba katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja, akazikwa nao. Leo Unguja inamweka katika makumbusho yake. Waliomkasirikia walimkasirikia, na kitabu chake kikabaki kuwa miongoni mwa vitabu vinavyotuonyesha nyumba za babu zetu zilivyokuwa kwa ndani.

Na tukirudi nyuma zaidi, katika Sira tunasoma habari ya hijra ya Uhabeshi. Ibn Ishaq amepokea kwamba miongoni mwa waliohama alikuwamo Ubaydullah bin Jahsh, na kwamba huko ugenini aliingia Ukristo na kufa akiwa katika dini hiyo. Wako wanazuoni waliotia shaka katika mapokezi hayo. Lakini vizazi vya Waislamu vimeisoma habari hiyo bila ya kuitetemekea. Haisemwi kwamba wahamiaji wenziwe walimwinulia mkono. Na haisemwi kwamba imani yao ilianguka kwa sababu yeye aliondoka. Mkewe, Umm Habiba, alibaki Mwislamu, peke yake na mtoto katika nchi ya watu, na baadaye akawa Mama wa Waumini. Waumini walikuwa wachache sana siku hizo, na kuondoka kwa mmoja hakukuwatikisa.

Kulipima kila jambo mahali pake

Kwa hiyo msomaji wa kitabu kama hiki anahitaji mizani. Tunapendekeza kila lalamiko liwekwe mahali pake: ni dini, ni desturi, au ni dhulma ya mtu?

Ukeketaji ni desturi. Uko kwa Waislamu na kwa wasio Waislamu wa Kenya, na Waislamu wengi duniani hawaujui kabisa. Mwezi wa Novemba 2006, mwaka ule ule kilipotoka kitabu cha Ayaan, wanazuoni walikutana Al-Azhar mjini Cairo, naye Mufti wa Misri, Sheikh Ali Gomaa, akiwamo, wakatamka kwamba jambo hilo halina msingi katika dini na kwamba linamdhuru mwanamke. Kenya ilipitisha sheria ya kuupiga marufuku mwaka 2011. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 21 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2022 ilikuwa asilimia 15. Kazi hiyo imefanywa na wengi waliobaki, wakiwamo maimamu na wakunga.

Kumwoza binti bila ya ridhaa yake ni dhulma, hata ikivishwa kilemba. Khansa bint Khidam alimwendea Mtume, sallallahu alayhi wasallam, akalalamika kwamba babake amemwoza kwa asiyemtaka, na Mtume akaivunja ndoa hiyo, Bukhari ameipokea. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 nayo inataka ridhaa ya wote wawili na umri wa miaka 18.

Kumpiga mtoto mpaka kumjeruhi ni dhulma. Viboko viliondolewa katika shule za Kenya mwaka 2001, na Katiba ya 2010 inamlinda mtoto na ukatili wa kila namna, awe shuleni, awe madrasani.

Na kumwua au kumtishia mtu kwa sababu ameandika au ametoka katika dini, hilo nalo tuliseme bila ya kumung'unya. Aya ya 256 ya Suratul Baqarah imekataza kulazimishana katika dini, na aya ya 99 ya Surat Yunus inamwuliza Mtume mwenyewe kama yeye ndiye wa kuwalazimisha watu waamini. Aliyemwua Van Gogh aliutia Uislamu doa ambalo kitabu peke yake kisingeweza kulitia.

Yakiisha kutengwa hayo, linabaki lile ambalo hatuwezi kukubaliana na mwandishi. Yeye ameyachukua yote matatu akayatia katika kapu moja, akaliandika jina la dini. Amesahau, au hakutaka kuona, kwamba hata katika kisa chake mwenyewe aliyeupinga wembe alikuwa baba yake, naye alikuwa Mwislamu mwenye kuswali. Jambo hilo limo ndani ya kurasa zake. Msomaji makini ataliona hata kama mwandishi amelipita.

Kwa mzazi mwenye binti anayeuliza

Tuna nasaha chache, tuliyoyaokota Baba Dogo na kwingineko.

Kwanza, kisome wewe kabla ya kukihukumu. Ukishindwa na lugha, tafuta mtu akusomee. Usijibu usichokisikia.

Pili, muulize binti ni ukurasa gani uliomgusa, kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize. Mara nyingi swali la imani lina mtoto mwenziwe nyuma yake: kuna fimbo, kuna ndoa inayonong'onwa, kuna mkono wa jamaa uliofika pasipostahili, kuna kaka anayependelewa. Ukilitatua hilo, umeitetea dini kuliko hotuba kumi.

Tatu, ukiona dhulma, usiifunike ili kuilinda heshima ya Waislamu. Heshima yetu huvunjwa na dhulma iliyofichwa, si na ukweli uliosemwa. Mwanamke aliyerudi kutoka Ghuba alihitaji nyumba moja tu ya kumsikiliza.

Nne, kama swali lake kweli ni la Mwenyezi Mungu, na si la binadamu, usimwite kafiri. Jina hilo ukilirusha huwezi kulirudisha. Mtafutie mwalimu wa kike mwenye elimu na subira. Nabii Ibrahim, alayhi salaam, aliomba aonyeshwe namna wafu wanavyofufuliwa ili moyo wake utulie, na hakukaripiwa.

Tano, ikitokea, baada ya yote, kwamba mwanao ameondoka, usifunge mlango kwa kufuli. Barghash alifunga, na hadi leo tunasoma habari za huzuni hiyo. Hidaya iko mkononi mwa Mola. Chakula, sauti ya mama na dua viko mikononi mwetu.

Hakuna kitabu kitakachoiangusha nyumba ambamo watoto wanaweza kusema. Nyumba iliyonyamaza ndiyo yenye kuogopa kurasa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape wazazi masikio ya kusikia kabla ya ndimi za kukemea, awalinde watoto wetu wa kike na wa kiume na kila mkono wa dhulma, na azijaalie nyumba zetu kuwa mahali ambapo swali halikimbii nje. Amin.

Wabillahi tawfiq.